Nyumba Kumi na Mbili za Birika

Siku Birika alipotajirika aliamka hana hata nauli. Habari za utajiri wake alizipata njiani, kwa muuza magazeti wa kona, aliyemwona akienda kazini kwa miguu akatikisa kichwa.

"Birika bwana! Nyumba kumi na mbili, na nauli bado inakuuma? Kweli ubahili ni kipaji."

Birika alicheka, akapita. Alidhani ni utani wa kila siku. Mtu aliyecheza mwenye nyumba bahili kwenye televisheni kwa miaka ishirini na mbili huzoea kutaniwa. Watoto humpigia kelele barabarani, "Birika, zima taa!" na yeye hana budi kugeuka, kunyanyua kidole na kujibu kwa ile sauti ya puani inayojulikana nchi nzima, "Taa inakula hela!" Hapo watu hucheka hadi kushika mbavu. Wakishazishika mbavu, mikono yao inakuwa na kazi, kwa hiyo haingii mfukoni hata mmoja.

Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kitambulisho tu. Kwa kuwa bahili ndiye mkono wa birika, kipindi kilipoanza mhusika wake akaitwa Birika, na jina likamganda kama gundi. Hata wakwe walimwita hivyo. Na tuseme ukweli, alikuwa anachekesha. Hilo tusimnyime, maana amenyimwa mengi.

Alianza kazi akiwa kijana, nywele zake nyeusi zikipakwa unga ili aonekane mzee. Sasa nywele zimekuwa nyeupe zenyewe, na mtayarishaji wa kipindi alishukuru sana, kwa sababu matumizi ya unga yamepungua. Kipindi hurekodiwa Ijumaa, hurushwa Jumamosi, hurudiwa Jumapili, na hurudiwa tena katikati ya wiki kwa ajili ya waliokuwa wamelala. Vile vya zamani vimewekwa kwenye mtandao, na watu huvitazama kwenye simu hata wakiwa chooni. Birika hulipwa mara moja: bahasha moja kwa kipindi, mkononi, taa za studio zikizimwa. Bahasha hiyo ilikuwa na unene uleule tangu mwanawe yuko darasa la kwanza. Mwanawe sasa ana mke na anaishi mbali.

Kila alipogusia nyongeza, mtayarishaji alimshika bega kwa upendo mwingi. "Mzee wangu, nchi nzima inakujua. Umaarufu kama huo ungeununua kwa shilingi ngapi?" Birika angeondoka akijihisi kama vile yeye ndiye mwenye deni.

Tena kazi ile ilikuwa na sheria zake mbili. Ya kwanza, malipo ya msanii ni siri. Ya pili ndiyo iliyoleta balaa: ukitoka nje ya studio, wewe bado ni yule mhusika. Mtayarishaji aliamini kwamba watazamaji wakigundua Birika si bahili wataacha kutazama. Kwa hiyo mzee mzima aliwahi kukatwa nusu ya bahasha kwa kosa la kuonekana hotelini akimlipia rafiki yake chai. Tangu siku hiyo hakumlipia mtu chai. Sheria ilimfaa, kusema kweli, kwa sababu hata hela ya chai yenyewe hakuwa nayo.

Basi wiki iliyotangulia, msichana mmoja wa mtandao alikuwa amempigia simu.

"Mzee, una nyumba ngapi?"

Birika, mtiifu wa sheria, akaiweka sauti puani. "Kumi na mbili, na zote nimezima taa!"

Alisubiri kicheko. Hakikuja.

"Na magari?"

"Matatu! Siyawashi, yanakunywa mafuta."

"Na pesa benki?"

"Benki wasiziguse, watazichafua! Zote nazilalia mwenyewe."

Upande wa pili alisikia vidole vikigonga kompyuta. Msichana yule hakuwahi kukitazama kipindi hata siku moja. Kazi yake ilikuwa kuandika utajiri wa watu maarufu, watano kabla ya chakula cha mchana, na Birika alikuwa wa nne. Alishukuru, akakata simu, akamgeukia wa tano. Ndivyo mtu anavyopata nyumba kumi na mbili bila kubeba tofali.

Wa kwanza kumpongeza rasmi alikuwa mwenye nyumba wake, yule wa kweli. Huyu alikuwa mtazamaji mwaminifu wa kipindi, na alikuwa amejifunza mengi. Kufunga maji mchana, kuwapa wapangaji watano mita moja ya umeme, kudai kodi ya kivuli cha ukuta wake, yote aliyaona kwa Birika kwanza. Alikuja na simu mkononi, uso ukimeta.

"Tajiri mwenzangu," alisema, "kumbe miaka yote unanionea aibu kunipa kodi ya maana? Kuanzia mwezi ujao tutapandisha kidogo. Wewe mwenyewe unajua gharama za kuwa na nyumba."

Hilo nalo lingezoeleka. Lisilozoeleka lilikuwa sebuleni.

Mke wa Birika alikuwa fundi cherehani. Cherehani yake ilikaa chini ya dirisha, na kutoka hapo ndipo ulipotoka mkate, sabuni, na mara nyingi ile kodi ambayo Birika aliipeleka kwa mwenye nyumba akijifanya imetoka kwake. Mama huyu alipoonyeshwa habari ile na mteja alicheka mpaka sindano ikamchoma. Na angeendelea kucheka, kama si kaka yake.

Shemeji wa Birika alikuwa dalali wa nyumba, mtu asiyeweza kupita mbele ya geti bila kuuliza linauzwa au linapangishwa. Alikuja siku hiyohiyo, akakaa, akakunja nne.

"Lisemwalo lipo, dada. Na kama halipo, laja. Mimi nikuulize hesabu ndogo tu. Mumeo yuko kwenye televisheni miaka ishirini na mbili. Mtu wa televisheni halipwi vijisenti. Wewe umeziona hizo pesa?"

"Huwa ananiambia akiba ipo."

"Ipo wapi?"

Mama alisimamisha cherehani. Alikuwa hajawahi kuuliza akiba ipo wapi. Aliuliza tu kama ipo, na Birika alimjibu ipo. Kila mwaka alipotaja kiwanja, kila alipomwona jirani anahamia nyumba yake mwenyewe, kila alipochora kwa chaki juu ya meza ya kukatia nguo chumba chake cha ushonaji, chenye madirisha mawili na mlango wa wateja, Birika aliweka kidole mdomoni, akatabasamu, akasema akiba ipo. Naye akarudi kushona akiwa na furaha. Moyo wake ulijenga nyumba ile chumba kwa chumba, na haikuvuja hata mara moja.

"Nyumba kumi na mbili," shemeji alisema taratibu, "na dada yangu amepanga vyumba viwili. Basi kwenye hizo kumi na mbili anaishi nani?"

Birika aliporudi jioni, miguu ikimuuma, alikuta cherehani imefunikwa. Haikuwahi kufunikwa mchana wala jioni.

"Baba," mkewe alisema, "mwanamke yuko kwenye nyumba ya ngapi?"

Hapo ndipo Birika alipofanya kosa ambalo angelifanya mchekeshaji peke yake. Alisikia swali zuri, lenye mwisho mkali, akacheka. Alicheka kile kicheko cha kipindi, cha kichwa kutupwa nyuma, akiwa peke yake katikati ya sebule. Mkewe alimtazama mpaka akamaliza.

"Jumapili," alisema. "Jumapili nataka kuiona hiyo akiba kwa macho yangu. Nisipoiona, nakwenda kwa dada yangu, na cherehani naondoka nayo. Nimechoka kuwa mjinga."

Birika alimpenda mke wake. Hilo hakuwahi kuliigiza. Na ukweli ulikuwa mdogo, ungeingia kwenye sentensi moja: mwaka wa kwanza akiba ilikuwapo kweli, ikalipa ada ya mtoto, ikaisha, na yakabaki maneno. Lakini sentensi ile alikuwa ameimeza kwa miaka mingi mno, na kitu ulichokimeza zamani hivyo hakitapikiki kwa urahisi. Aliona afadhali aitafute akiba kuliko kusema haipo. Alikuwa na siku tatu za kuweka akiba ya miaka ishirini na mbili.

Kesho yake alikwenda kwa mtayarishaji. Alimkuta ofisini, chini ya kiyoyozi, anasoma habari ile kwa mara ya pili huku analia kwa kicheko.

"Bosi, naomba ruhusa nikanushe. Nyumbani kunaungua."

"Ukanushe?" Mtayarishaji alifuta machozi. "Mzee wangu, hii ni zawadi! Miaka mitatu watazamaji wanapungua, leo wamerudi kama nzi. Ukikanusha umevunja sheria ya kazi, na mimi sitaki tuachane baada ya miaka yote hii."

"Basi nikope bahasha chache."

"Kukopa kwa nini, tajiri kama wewe?" Alikigonga kiti kwa furaha. "Sikiliza. Jumamosi tunakodi jumba. Wewe unasimama sebuleni, unasema, 'Karibuni kwangu.' Mama Bili anasimama kando yako. Tunarekodi, tunarusha mtandaoni. Bahasha tatu kwa mpigo."

Mama Bili ndiye aliyecheza mke wa Birika kwenye kipindi, mama mwenye kazi moja tu ya kuleta bili za umeme mbele ya mumewe ili azimie. Birika alipiga hesabu. Bahasha tatu. Kama akiba ya miaka ishirini na mbili zingeonekana nyembamba kidogo, lakini angeweza kusema hizo ni za juu juu, nyingine ziko benki. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Birika aliiona hivyo pia, ila yeye alifurahi, maana kwa hali ya miguu yake njia fupi ilimfaa.

Jumamosi alimuaga mkewe kwamba wana kazi ya ziada. Mkewe, mdomo umejaa pini, aliendelea kubana pindo.

Jumba lile lilikuwa na geti linalojifungua lenyewe, sakafu ya marumaru na ngazi za kwenda juu ambazo waliambiwa wasizipande. Makochi yalikuwa bado na nailoni ya dukani. Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani, ndivyo tunavyoambiwa. Birika alifungua, akaingia, na ndani akakuta karatasi zilizobandikwa kila mahali: usiguse, usikalie, usifungue. Walimvika koti jipya lenye bei bado inaning'inia kwapani. Mama Bili alivikwa gauni la kulalia la hariri, kwa sababu mtayarishaji alisema wake wa matajiri hawavai nguo kabla ya mchana.

"Nina kisukari na wajukuu sita," Mama Bili alimnong'oneza, akijifunika kifua kwa mikono. "Wakiniona hivi nitawaambia nini?"

"Waambie ni kazi."

"Na wewe kwako umesema nini?"

Birika aliificha ile bei kwapani. Kamera ilikuwa imewashwa. Akafungua mikono, akaiweka sauti puani. "Karibuni kwangu!"

Sasa, dalali wa kweli ni rafiki wa kila mlinzi mjini. Siku tatu hizo shemeji hakulala vizuri, si kwa ajili ya dada yake tu, bali pia kwa sababu nyumba kumi na mbili ni kamisheni kumi na mbili. Alizunguka mageti, akauliza. Kwenye geti lile linalojifungua lenyewe alimsalimia mlinzi, akauliza hili jumba ni la nani. "La Birika," mlinzi alijibu kwa fahari, kwani ndivyo alivyoambiwa aseme siku hiyo. Shemeji alichungulia, akaona koti jipya, akaona gauni la hariri. Alimpigia dada yake simu palepale.

Mama alifika na futi ya kupimia ikiwa bado shingoni. Mlinzi aliposikia ni mke wa Birika akampisha kwa heshima. Aliingia sebuleni na viatu vyake vya nyumbani, akasimama katikati ya marumaru, akamtazama kwanza mwanamke.

"Kumbe ni wewe," alisema. "Miaka yote naona unamletea mume wangu bili, nasema masikini, ni mchezo tu. Hata nguo zako za kipindi nimekushonea mimi."

"Dada, wallahi hata hili gauni si langu."

Mtu wa kamera alitaka kuizima. Mtayarishaji akamnyanyulia kidole: endelea.

Birika alifungua mdomo, na kwa mazoea sauti ya puani ndiyo iliyotangulia. "Mke wangu mpenzi, nyumba hii..."

"Na hiyo sauti," mkewe alisema. "Hiyo sauti iweke chini. Nataka mume wangu aseme."

Birika alishusha mikono. Sauti iliyofuata ilikuwa ya kwake, nyembamba, yenye mikwaruzo. Ilikuwa haijawahi kusimama mbele ya kamera.

"Si yangu. Tumeikodi mpaka jioni."

"Na zile nyingine kumi na moja?"

"Hakuna."

"Hata moja?"

"Hata kiwanja, mama. Yule msichana aliniuliza, nikajibu kama Birika. Akaandika."

"Na akiba?"

Birika alitazama karatasi iliyosema usikalie. Alitamani kukaa.

"Haipo. Ilikuwapo mwaka wa kwanza, nikalipia ada. Sikukwambia. Kila ukiuliza nikasema ipo, kwa sababu nikisema ipo ulikuwa unarudi kushona unaimba. Nilikuwa naogopa siku utakayonyamaza."

Mtu wa kamera mabega yalikuwa yanamcheza. Mshika taa aliuma shati lake asitoe sauti. Mtayarishaji alikuwa amejiinamia, machozi yanamdondoka kwenye marumaru za watu. Tangu kipindi kianze hakuwahi kumwona Birika akiigiza vizuri namna ile. Ule uso! Ile sauti! Walijua wanatazama kazi bora ya maisha yake, na hakuna aliyejua kwamba haikuwa kazi.

Mkewe peke yake hakucheka.

"Afadhali ungekuwa na mwanamke," alisema. "Mwanamke ningemwendea, tungeshikana, ningemshinda, na nyumba moja ingebaki. Sasa miaka ishirini na mbili yote, nigombane na nani?"

Hapo sebule nzima ikaangua kicheko, hata mlinzi aliyekuwa mlangoni.

"Kata!" mtayarishaji alipaza sauti. Alikuja mbio, akamshika mama mikono yote miwili. "Mama, ulikuwa wapi siku zote? Hatujaandika neno hata moja na umesema yote! Nakuchukua. Mke halisi wa Birika! Kila Ijumaa!" Akamtajia malipo, palepale, kwa sauti, kama mtu anayenunua kitu kabla mwingine hajakiona. Kiasi hicho Birika angekipata kwa kuzima taa vipindi vinne.

"Kwa mwezi?" mama aliuliza.

"Kwa kipindi, mama! Mgeni hatumpunji."

Mama aligeuka kumtazama mumewe. Birika alikuwa ameinamisha kichwa.

"Na huyu mnampa ngapi?"

Mtayarishaji alikohoa. "Malipo ya wasanii ni siri."

Mama alimwendea mumewe, akamtegea sikio. Birika akainama, akavunja sheria ya kwanza ya kazi kwa kunong'ona kiasi kimoja kidogo. Mama alikaa kwenye kochi, juu ya nailoni, juu ya karatasi iliyomkataza. Sasa aliamini, kwa sababu hakuna mume duniani anayemdanganya mkewe kwa kiasi kidogo namna ile. Aliwaza mikate yote, kodi zote, mtu huyu akirudi kila Ijumaa na uso wa mtu aliyetoka kazini. Alimwonea huruma, na hasira haikupungua hata kidogo. Vyote viwili vilimkaa kifuani, vikabanana.

Kisha akasimama, akajikung'uta.

"Ijumaa nitakuja," alimwambia mtayarishaji. "Bahasha yangu unanipa ikiwa wazi, na mbele yake."

"Dada," shemeji alidakia kutoka mlangoni, "tuzungumze kidogo kuhusu kamisheni, maana aliyekuleta hapa..."

"Wewe nenda nyumbani."

Walitoka wawili, geti likajifungua lenyewe. Birika alikuwa amesharudisha lile koti. Alitembea nyuma ya mkewe hatua chache, kama mtu asiyejua kama amealikwa.

"Kwa dada yako huendi?" alithubutu kuuliza.

"Nitaendaje? Nina kazi." Mama hakugeuka. "Lakini nikuambie. Pesa zangu usiniulize ni ngapi, wala ziko wapi, wala nazifanyia nini. Ukae tu uamini, kama nilivyokaa mimi."

Birika alisema sawa, kwa sauti yake mwenyewe. Neno lile lilimuuma kuliko kama mkewe angeondoka na cherehani, na hakuweza kusema si haki.